Askari, Polisi na Serikali: Maasi ya Januari 1964 katika Tanganyika na Ushirikiano wa Vyombo vya Usalama

I

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 20 Januari, mwaka wa 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliokuwa katika kambi ya Colito, mwendo wa maili 8 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakafungua ghala la silaha, wakapanda magari wakashika njia ya mjini. Kulipopambazuka walikuwa wamekwisha kushika kiwanja cha ndege, kituo cha redio, vituo vya polisi na njia za kuingilia Ikulu. Madai yao yalikuwa mawili. La kwanza, mshahara wa askari wa kawaida, uliokuwa shilingi 105 kwa mwezi, upandishwe ufike shilingi 260. La pili, maofisa wa Kiingereza waondoke na mahali pao washike Waafrika. Hawakutangaza serikali mpya, wala hawakumtaja mtu wa kuishika dola. Hata hivyo, kwa muda wa siku kadhaa, dola ilikuwa mikononi mwao.

Habari za maasi hayo zimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kwa upande wa askari wenyewe: mishahara yao, manung'uniko yao, na adhabu iliyowafika baadaye. Makala haya yanayatazama kwa upande wa pili. Swali lake ni hili: askari walipokuwa wakifanya hayo, vyombo vingine vya serikali vilikuwa wapi? Maana Tanganyika ya Januari 1964 haikupungukiwa na vyombo vya usalama. Ilikuwa na jeshi la vikosi viwili, polisi, idara ya upelelezi iliyokuwa ndani ya polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, wakuu wa mikoa na wa wilaya, na chama cha TANU kilichokuwa na matawi kila mahali. Kila chombo kilikuwako. Kilichokosekana ni kiungo cha kuvifunga pamoja. Ukosefu huo ulikuwa na asili yake, na dawa iliyotumiwa kuuponya nayo ilizaa maswali yaliyochukua karibu miaka 30 kupata jibu la sheria.

II

Asili ya jambo hili sharti itafutwe katika namna vyombo hivyo vilivyoundwa. Jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wa kawaida walilijua kwa jina la KAR, liliundwa mwaka wa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni mbalimbali, na kikosi chake cha 6 kilihesabiwa kuwa cha Tanganyika. Hakikuwa jeshi la nchi. Maofisa wake walitoka Uingereza na kurudi Uingereza, na amri zake kubwa zilitoka Nairobi, yalikokuwa makao makuu ya majeshi ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Polisi, kwa upande wao, walikuwa chini ya Gavana na wasaidizi wake wa Dar es Salaam. Askari wa KAR na askari polisi waliweza kukaa katika mji mmoja miaka mingi, wakanunua katika soko moja na kuswali katika msikiti mmoja, lakini kazi zao hazikukutana mpaka zipande juu, zifike kwa Mwingereza wa jeshi na Mwingereza wa polisi. Hao ndio waliozungumza wao kwa wao, kwa lugha yao, katika ofisi au katika klabu yao. Kiungo cha dola ya kikoloni kilikuwa ni watu, nao walikuwa wageni.

Lugha nayo ilishuhudia utengano huo. Katika KAR kilisemwa Kiswahili cha namna yake, kilichoitwa KiKAR: Kiswahili cha amri, kilichopunguzwa sarufi ili ofisa wa kigeni akijue upesi na askari wa makabila mbalimbali wamwelewe. Kilifaa kwa kuamrisha na kutii. Kwa kushauriana, kueleza shida, au kuuliza sababu ya jambo, hakikufaa sana. Askari aliyekuwa na lalamiko la mshahara hakuwa na njia ya kulifikisha kwa Waziri ila kwa kupitia kwa ofisa yule yule ambaye pengine kuwapo kwake ndiko kulikokuwa sehemu ya lalamiko.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, jina la jeshi likageuzwa, likawa Tanganyika Rifles. Kikosi cha kwanza kikakaa Colito, cha pili Tabora. Majina yalibadilika, lakini muundo haukubadilika kwa kiasi hicho. Jeshi liliwekwa chini ya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje na Ulinzi, ambaye mwaka wa 1964 alikuwa Oscar Kambona. Polisi waliwekwa chini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Mkuu wa jeshi alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na maofisa wengi walikuwa Waingereza pia. Katika polisi na katika utawala wa mikoa Waafrika walikuwa wakipandishwa kwa haraka zaidi. Askari wa Colito aliyekwenda mjini siku ya mapumziko aliona Mkuu wa Mkoa ni Mwafrika, maofisa wa polisi ni Waafrika, mawaziri ni Waafrika. Akirudi kambini alimkuta bwana yule yule wa zamani.

Tarehe 7 Januari 1964 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba katika kuajiri watu wa utumishi wa serikali, upendeleo wa Waafrika juu ya raia wa rangi nyingine umekwisha, na kwamba tangu siku hiyo raia wote watatazamwa sawa. Lilikuwa tangazo la haki, na leo ni wachache watakaolilaumu. Lakini lilikuwa tangazo la idara ya utumishi, lililoandikwa kwa ajili ya makarani na maofisa wa ofisini. Katika kambi ya askari lingeweza kusikika kwa namna nyingine kabisa: kwamba hata ule mlango mwembamba wa kupanda cheo unafungwa. Hapa ndipo ukosefu wa kiungo unapoonekana kwa mara ya kwanza. Idara moja ilitoa neno la busara, na hapakuwa na baraza ambamo watu wa jeshi, wa polisi na wa utumishi wangeketi pamoja kulipima neno hilo kabla halijatoka, wakaulizana litafikaje kwa yule mwenye bunduki.

Mara ya pili ilikuja siku chache baadaye. Tarehe 12 Januari serikali ya Sultani wa Unguja ilipinduliwa. Serikali mpya ya Sheikh Abeid Amani Karume ikaomba msaada wa kutuliza hali, na Tanganyika ikapeleka polisi waliofundishwa kuzuia fujo. Msaada huo ulikuwa wa lazima na wa ujirani mwema. Lakini ukiutazama kwa upande wa Dar es Salaam, maana yake ni kwamba mkono mmoja wa dola umetolewa nje ya nchi, na mkono mwingine, wenye nguvu zaidi na manung'uniko zaidi, umebaki peke yake karibu na mji mkuu. Baada ya siku chache tu Colito wakaasi.

III

Yaliyotokea asubuhi ya tarehe 20 yanafaa kutazamwa chombo kwa chombo.

Rais na Makamu wake, Rashidi Kawawa, waliondolewa Ikulu kabla askari hawajawafikia. Aliyewaongoza alikuwa mlinzi mkuu wa Rais, Peter Bwimbo, mtu wa polisi, naye akawavusha maji kwa pantoni mpaka Kigamboni, wakafichwa huko. Hii ndiyo sehemu ya usalama iliyofanya kazi yake sawasawa usiku ule, nayo ilikuwa ndogo, ya watu wachache wanaojuana kwa uso. Kwa kumhifadhi Rais ililiepusha taifa na balaa kubwa kuliko maasi yenyewe. Lakini kwa kumficha, iliwaacha wengine wote bila mtu wa kuwaambia la kufanya.

Waziri wa Ulinzi ndiye aliyebaki mbele ya watu. Kambona alikwenda Colito mwenyewe, akasimama katikati ya askari waliojawa na hasira, akasikia madai yao, na maofisa wa Kiingereza wakasafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi. Kisha akasema katika redio kwamba serikali ingali ipo. Ujasiri wake hauna shaka. Hata hivyo tendo hilo laonyesha jinsi dola ilivyokuwa imepungukiwa: kazi ambayo ingefanywa na vyombo vitatu au vinne kwa pamoja ilifanywa na mtu mmoja kwa miguu yake na kwa ulimi wake.

Polisi, wakiwa chombo kizima, hawakupigana na jeshi wala hawakujiunga nalo. Wasingeweza kupigana: waliofundishwa kwa fujo walikuwa Unguja, na silaha zao hazikulingana na za Colito. Katika Kariakoo na Magomeni watu waliliona jambo ambalo halijapata kuonekana, yaani mji usio na mwenyewe. Maduka ya Wahindi na ya Waarabu yakavunjwa na kuporwa, na watu kadhaa wakauawa. Wengi wa waliokufa siku ile hawakuwa na neno lolote juu ya mshahara wa askari. Hao ndio waliolipa gharama ya kwanza ya dola isiyojifunga viungo vyake.

Kwa raia aliyesimama barabarani, hata lugha haikumsaidia kufahamu mambo. Neno "askari", lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, limebeba watu wengi: mtu wa jeshi ni askari, polisi ni askari, mlinzi wa gereza ni askari, hata alindaye mlango wa bohari usiku ni askari. Kwa mwenyeji, wote hao ni kitu kimoja, yaani mkono wa serikali uliovaa sare. Asubuhi ile mtu aliyesikia kwamba "askari wamefunga njia" hakuweza kujua kama ni serikali inayomlinda au ni watu wanaoipinga serikali. Lugha ilikuwa imewaweka askari wote katika kundi moja muda mrefu kabla ya dola yenyewe kufanya hivyo.

Tarehe 21 kikosi cha pili kikaasi huko Tabora. Jioni ya siku hiyo Rais alisema na wananchi kwa redio, na kesho yake akapita mjini akionekana na watu. Ikadhaniwa kwamba mambo yamekwisha. Lakini tarehe 23 askari wa Uganda waliasi Jinja, na tarehe 24 wa Kenya wakaasi Lanet, karibu na Nakuru. Katika Dar es Salaam zikaja habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanakutana na askari. Lililokuwa dai la mshahara likaanza kuelekea kuwa jambo la dola. Hapo Rais aliomba msaada wa Uingereza, na alfajiri ya tarehe 25 askari wa majini wa Uingereza waliruka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakashuka Colito. Upinzani ulikuwa wa muda mfupi. Kikosi kikanyang'anywa silaha.

Nyerere hakuficha kwamba kuomba msaada kwa waliotawala jana kulikuwa fedheha. Tarehe 12 Februari mawaziri wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ombi lake, na katika mwaka huo huo askari wa Nigeria wakaja kushika ulinzi mahali pa Waingereza mpaka nchi ipate jeshi lake. Fedheha hiyo ilikuwa na mzizi wa ndani pia. Mtu humwita jirani azime moto ikiwa watu wa nyumba yake hawakupata kufundishwa nani achote maji na nani apande darini.

IV

Dawa ilianza kutafutwa upesi. Jeshi la zamani likavunjwa. Rais akawaita vijana wa TANU wajiandikishe, na pamoja na watu wa Jeshi la Kujenga Taifa wakawa msingi wa jeshi jipya. Katikati ya mwaka 1964 askari na polisi, ambao desturi ya Kiingereza ilikuwa imewakataza siasa, wakaruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Tanganyika na Unguja zikaungana tarehe 26 Aprili, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya, aliyekuwa miongoni mwa maofisa wachache wa Kiafrika wa jeshi lililovunjwa.

Jina la jeshi hilo lilichaguliwa kwa maana. Hapakuwa tena na "rifles", neno la kigeni lenye kutaja silaha. Mahali pake pakawekwa "wananchi", neno lenye kutaja watu. Kambi ya Colito nayo ikapewa jina jingine. Colito ni mahali katika Uhabeshi ambapo askari wa KAR walipigana na Wataliani mwaka wa 1941. Jina jipya, Lugalo, ni la mahali katika Uhehe ambapo watu wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kambi ni ile ile, lakini askari aliyeingia langoni alikumbushwa vita vingine na wakubwa wengine.

Kiungo kilichochaguliwa kuvifunga vyombo vya usalama kilikuwa chama. Askari, polisi, mtu wa magereza, Mkuu wa Wilaya na mwenyekiti wa tawi wakawa wanachama wa chama kimoja, waliosema lugha moja ya siasa. Katika mkoa na katika wilaya, mkuu wa mahali alikuwa pia mtu wa chama, na mezani pake jambo la usalama liliweza kukutanisha polisi, jeshi na utawala bila kungoja barua ipande Dar es Salaam na kushuka. Lile lililokosekana Januari 1964, yaani mahali pa kuketi pamoja, sasa likapatikana.

Faida yake ilionekana wazi baada ya miaka 14. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliotolewa baada ya Wareno kuushambulia mji wa Conakry mwezi Novemba 1970 na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda mwezi Januari 1971, ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Wakafundishwa, wakaitwa mgambo. Neno hili ni la kale: mbiu ya mgambo ilikuwa baragumu la kuwakusanya watu wa mji wasikie jambo. Jina la mwito likawa jina la wanaouitikia. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuishika sehemu ya kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mwito huo ulipigwa kweli. Wanajeshi, mgambo, polisi, watu wa magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa waliingia katika vita moja chini ya amri moja, na jeshi likapanuka kwa miezi michache kuliko lilivyopata kuwa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Nchi ambayo mwaka wa 1964 haikuweza kuilinda Ikulu yake dhidi ya kikosi chake yenyewe ilikuwa imejifunza kukusanya mikono yake yote.

V

Hata hivyo mwanahistoria asiandike faida akaacha gharama. Baada ya maasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini kwa sheria ya 1962 iliyoruhusu mtu kuzuiliwa bila kushtakiwa, na shirikisho lao likavunjwa. Mahali pake pakaundwa chama kimoja, NUTA, chini ya serikali. Yamkini baadhi yao walikuwa na hatia. Lakini chombo cha usalama kikiisha kuwa kitu kimoja na chama, mpaka kati ya adui wa nchi na mpinzani wa siasa huwa mwembamba, na raia hana pa kwenda kuuliza umepita wapi. Idara zilizotengana za mwaka 1964 zilishindwa kumlinda mwenye duka wa Magomeni; idara zilizoungana zaweza kushindwa kumlinda mtu mwenye maoni yake.

Neno "usalama" lenyewe lilipita njia hiyo. Hapo kale usalama ni hali: msafiri hufika kwa usalama, mama hujifungua kwa usalama. Katika miaka hiyo likawa pia jina la idara, na watu wakaanza kusema "mtu wa usalama" kwa sauti ya chini. Neno la faraja likabeba na hofu, na kamusi yapaswa kuziandika maana zote mbili.

Marekebisho yalikuja kwa hatua. Mwaka wa 1992, vyama vingi viliporudishwa, Katiba ilikataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ila alibakiwa na haki ya kupiga kura. Ni jambo la kuangaliwa kwamba Katiba ilipoeleza mwanajeshi ni nani, haikutaja watu wa jeshi la ulinzi peke yao. Iliwataja pamoja nao polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kile ambacho lugha ya watu ilikuwa imekisema zamani kwa neno "askari", sheria sasa ilikisema kwa vifungu: hawa wote ni kundi moja, wana wajibu mmoja, na wajibu huo si kwa chama. Mwaka wa 1996 Idara ya Usalama wa Taifa, iliyokuwa imefanya kazi miaka mingi, ikapewa sheria yake, na mwaka wa 2010 Baraza la Usalama wa Taifa likawekewa sheria pia, pamoja na kamati za mikoa na za wilaya. Kiungo kilichokuwa mtu wakati wa Mwingereza, kikawa chama wakati wa TANU, sasa kimeandikwa.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Maasi ya Januari 1964 yaonyesha kwamba chombo huweza kwenda mrama hata nahodha akiwa mmoja, ikiwa wa tanga, wa usukani na wa ngama hawasikilizani, na kila mmoja angoja sauti itoke juu. Na miaka iliyofuata yaonyesha upande wa pili: mabaharia wakifungwa kwa kamba moja hupiga kasia pamoja, lakini abiria sharti ajue nani ameishika kamba, na kwa ruhusa ya nani. Kuhusu swali la kwanza, Tanzania ilijifunza katika siku sita za Januari. Kuhusu la pili ilichukua muda mrefu zaidi, na kujifunza huko hakumalizwi na sheria moja. Kila kamati ya wilaya inapoketi, polisi upande huu, mwanajeshi upande ule na mkuu wa wilaya mezani, maswali yote mawili huketi pamoja nao.